Barua ya wazi kwa viongozi wa halmashauri yetu: sola za zahanati zinakufa kwa kukosa betri, jua lipo

Kwa:
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri pamoja na waheshimiwa madiwani,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya.

YAH: MIFUMO YA UMEME WA JUA KATIKA ZAHANATI NA SHULE ZA VIJIJI VYETU

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi wa umeme wa jua katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini. Barua zetu za awali zilipokelewa masjala, zikagongwa muhuri, na tulipofuatilia tuliambiwa kwa mdomo kwamba suala linafanyiwa kazi. Msimu wa mvua unakaribia, makisio ya mwaka ujao wa fedha yanaanza kuandaliwa, na wodi za wazazi bado ni giza. Kwa heshima zote, tumeona sasa tuandike mbele ya wananchi wenye zahanati hizo.

Ukipita barabarani utaona paneli zinang'aa juu ya paa na utadhani kazi inaendelea. Ingia ndani saa mbili usiku. Muuguzi anazalisha kwa tochi ya simu yake, na ndugu wa mama mjamzito wameshaelekezwa kuja na tochi pamoja na ndoo na khanga. Mfumo ulizinduliwa kwa ngoma na hotuba, na ukazimika bila mtu kutangaza. Hoja zetu ni hizi.

1. Hakuna fungu la betri.

Tunaanza na lililo zito kuliko yote. Paneli nzuri hudumu miaka 25 na zaidi. Betri ya risasi na asidi ikitunzwa hudumu miaka 4 au 5; ikiteswa, miwili haifiki. Kwa hiyo paa moja la paneli litazika seti tano za betri kabla paneli zenyewe hazijachoka. Jambo hili linajulikana tangu siku ya kwanza, hata kabla fundi hajapanda ngazi. Lakini katika makisio yanayobandikwa kwenye mbao za matangazo utakuta mafuta, shajala, vifaa vya usafi na posho za vikao. Mstari wa betri haupo.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Tuseme seti ya betri imenunuliwa kwa shilingi 2,400,000 na tunatarajia idumu miaka 4. Hizo ni shilingi 600,000 za kutenga kila mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati vinapokea fedha za uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti katika kuzipanga. Kinachokosekana ni maelekezo kutoka kwenu kwamba fedha ya betri itengwe kila mwezi na isiguswe kwa jambo lingine. Bila hilo, aliyejenga mfumo leo amekwisha kupanga giza la mwaka wa tatu.

2. Mifumo imekadiriwa kwa jua la mahali pengine.

Kabrasha moja la zabuni linatumika kwa zahanati zote, kana kwamba bonde la Usangu na milima ya Uporoto wana mawingu yaleyale. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mufindi na Makete kuna siku ukungu hauondoki mpaka karibu saa sita mchana. Fundi wa huku anayejali kazi yake hakadirii kwa wastani wa mwaka. Anakadiria kwa mwezi mbaya, na saa 4 za jua kamili kwa siku ndicho kipimo cha busara.

Chukueni zahanati ya kawaida. Taa 10 za LED za wati 9 zikiwaka saa 6 ni wati-saa 540. Taa 2 za nje za wati 10 usiku kucha, saa 12, ni 240. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Simu za kituo na mashine ya kufyonza uchafu kwa mtoto mchanga, weka 100. Jumla ni wati-saa 1,080 kwa siku. Ukigawa kwa saa 4, kisha ukafidia upotevu wa karibu asilimia 30 kwenye nyaya, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida), unahitaji paneli za wati 386; funga mbili za wati 200.

Betri ndipo penye kosa. Inveta nayo hula, kwa hiyo usiku mmoja unatoa kwenye betri karibu wati-saa 1,270. Ili zahanati ivumilie siku mbili za ukungu unahitaji 2,540, na kwa kuwa betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, inabidi uwe na uwezo wa wati-saa 5,080. Hizo ni betri 4 za volti 12 na Ah 120 (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri), zikiungwa kwa volti 24. Ukitaka lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo hukubali kutumiwa hadi asilimia 80, moja ya volti 25.6 na Ah 150 inatosha.

Kinachofungwa mara nyingi ni betri 2 za Ah 100. Hizo zina wati-saa 2,400, na nusu yake ni 1,200. Hazifikii hata usiku mmoja. Siku ya kwanza ya ukungu zinashushwa hadi chini, siku ya pili hazijazwi, na zikikaa wiki nzima katika hali hiyo, chumvi ya salfeti inaganda juu ya sahani za risasi na haitoki tena. Baada ya msimu mmoja wa mvua, betri inayoandikwa Ah 100 inaweza kubaki na nguvu ya 30. Mhudumu anaambiwa ametumia vibaya. Hajatumia vibaya, amewasha taa alizopewa.

Upande wa paneli nao una makosa ya bure. Tuko kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 8 na 10, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini na zilale nyuzi 10 hadi 15, ambazo pia zinatosha mvua kuosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tunazikuta zimelazwa kufuata paa lilivyo, hata likiwa linaangalia kusini. Halafu kuna miti. Mwezi Juni jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini, juu ya upeo kwa nyuzi 58 hivi, si utosini. Mkaratusi au msindano uliopandwa kaskazini mwa zahanati ukiwa mche, baada ya miaka michache unarusha kivuli juu ya paneli. Kivuli cha tawi moja kikifunika sehemu ndogo ya paneli moja, mstari mzima wa paneli zilizoungwa pamoja unaweza kupoteza nguvu nyingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Kukata mti huo hakuhitaji mfadhili.

3. Baridi yetu inaunguza kontrola (kifaa kinachoongoza chaji kutoka paneli hadi betri), na hakuna anayeikadiria baridi hiyo.

Paneli hupenda baridi. Kila joto linaposhuka nyuzi moja, volti yake inapanda kwa karibu asilimia 0.3. Ni neema, lakini isipowekwa kwenye hesabu inaleta hasara. Chukua paneli kubwa ambayo volti yake bila mzigo ni 49 katika joto la nyuzi 25, kama inavyoandikwa mgongoni. Ukiunga 3 kwa mfuatano unapata 147. Kontrola imeandikwa mwisho volti 150, na mkandarasi anaridhika. Mwezi Julai, alfajiri ya nyuzi 2 huko juu kuelekea Kitulo, volti hizo zinapanda kwa karibu asilimia 7 na kufika 157. Jua linapochomoza tu, kabla hata halijapasha paneli joto, kontrola inaungua. Wanaleta nyingine ya aina ileile, inaungua Julai inayofuata, na kijiji kinaambiwa sola ni feki. Dawa yake ni paneli 2 kwa mfuatano badala ya 3, au kontrola ya volti 250. Hakuna kingine.

Mkiamua kuhamia lithiamu, kumbukeni kwamba haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Ikae ndani ya jengo, si kwenye sanduku la bati ukutani nje, na iwe na kinga inayokata chaji baridi ikizidi.

4. Vifaa vya ndani ni vya kubahatisha.

Betri za gari zinafungwa kama betri za sola. Sahani za betri ya gari ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na kuishusha kila usiku ni kuiua. Nyingine zimekaa dukani kwa miezi bila kuchajiwa, na zinafungwa zikiwa tayari zimeanza kuganda chumvi. Tarehe ya kutengenezwa ipo ubavuni. Isomwe kabla ya kupokea.

Nyaya ni balaa jingine. Waya wa milimita 1.5, ule wa taa za umeme wa nguzo, unatumika kusafirisha volti 12 hadi chumba kilicho mita 15 mbali. Kwa mzigo wa ampea 8, kwenda na kurudi, waya huo unakula volti 2.8 njiani. Betri ina 12.5, taa inapata 9.7. Kwa waya wa milimita 10 kinachopotea ni volti 0.42 tu. Mtu akiona taa inafifia anadhani betri imekufa, kumbe umeme umegeuka joto ndani ya ukuta.

Kisha kuna lile linalofanywa na kila mtu: kontrola inapokata umeme ili kuilinda betri, mtu anaunga waya moja kwa moja kwenye teminali za betri. Taa zinawaka usiku ule, na betri inauawa. Tusiwalaumu wahudumu wakati hakuna aliyewaeleza maana ya ile taa nyekundu ya kontrola.

Radi za milima hii kila mtu anazijua. Hata hivyo mifumo mingi haina waya wa ethi, kizuia radi wala fyuzi karibu na betri.

5. Friji ya chanjo inaingiliwa.

Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi, zinapoteza nguvu. Zikiganda, chanjo kama ya pentavalenti, ya homa ya ini B na ya pepopunda zinaharibika kabisa, wala huwezi kujua kwa kutazama chupa. Ndiyo sababu friji ya chanjo inatakiwa kuwa na paneli zake peke yake. Friji nzuri za kisasa hazina hata betri: jua linagandisha barafu maalumu ndani ya kuta zake, na baridi hiyo inatakiwa kuhimili angalau siku 3 bila jua.

Lakini taa zikishazimika, macho yote yanaelekea kwenye mfumo pekee unaofanya kazi. Waya unachomolewa hapo kuchaji simu, kisha redio, kisha taa ya nyumba ya mtumishi. Tunamwelewa mtumishi aliyepangiwa kazi kijijini bila umeme, naye anastahili kuwekewa mfumo wake mdogo wa paneli ya wati 50 au 100 kama sehemu ya nyumba ya serikali. Gharama hiyo ni ndogo kuliko chanjo za kata nzima kumwagwa.

6. Makabidhiano hayapimi kitu.

Siku ya kukabidhi, taa zinawashwa saa nne asubuhi, watu wanapiga makofi, fomu inasainiwa. Saa nne asubuhi hata betri mbovu huwasha taa, kwa sababu jua lipo. Kipimo cha kweli kinafanyika usiku. Jioni betri zikiwa zimejaa, kateni paneli, washeni mzigo wote uliomo kwenye usanifu kwa saa zake zote. Asubuhi zimeni kila kitu, betri zipumzike saa 2 au 3, kisha pimeni kwa malitimita (kipima volti). Kwa mfumo wa volti 24 tulioueleza hapo juu, isome angalau 24.8. Ikisoma 24.4 na kushuka, betri imeshafika nusu kwa usiku mmoja, na mkandarasi hajamaliza kazi. Malipo ya mwisho yasubiri asubuhi hiyo.

7. Betri zilizokufa zinatupwa ovyo.

Zinarundikwa nyuma ya zahanati, asidi inamwagwa chini, risasi inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Vyanzo vingi vya maji vya milima hii vinateremka hadi Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Mnaomwagia ni wengi kuliko mnaowaona.

Tunajua majibu yatakayotolewa, kwa sababu tumeshayasikia.

Mtasema umeme wa nguzo wa REA (Wakala wa Nishati Vijijini) unakuja, au umeshafika. Tunaufurahia, na zahanati yoyote inayoweza kuunganishwa iunganishwe. Lakini miti inaangukia nyaya kila msimu wa mvua, na mama hawezi kuambiwa asubiri uchungu hadi nguzo isimamishwe. Sola iliyopo ibaki kama akiba, kwa swichi ya kubadilisha na inveta yenye chaja, ili umeme wa nguzo ujaze betri siku za ukungu. Kung'oa paneli kwa sababu nguzo imefika ni kutupa mali ya umma.

Mtasema mradi ulikuwa wa mfadhili. Siku mlipotia saini ya kupokea, ulikuwa wenu.

Mtasema hakuna mafundi. Wapo waliosoma ufundi stadi VETA, wapo wenye leseni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na vijana wa vijiji hivi wanafunga sola kwenye nyumba binafsi kila wiki. Tatizo ni kwamba fundi anaitwa baada ya giza, kwa kazi ya siku moja, na malipo yake yanachukua miezi.

Mtasema fedha hazitoshi. Huenda kweli hazitoshi kwa zahanati zote mwaka mmoja. Basi anzeni na zile zinazozalisha akina mama wengi na zilizo mbali na kituo cha afya, na andikeni zipi zitafuata lini. Tunaweza kukubali foleni iliyoandikwa, kimya hatukikubali.

Tunayoomba ni haya:

(a) Makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 yawe na mstari unaosomeka "betri na matengenezo ya umeme wa jua" kwa kila zahanati na kila shule yenye mfumo.

(b) Ndani ya siku 60 kila mfumo ukaguliwe na kuorodheshwa: wati za paneli, aina na Ah za betri, tarehe iliyofungwa, hali ya kontrola na inveta, unene wa nyaya, miti inayotia kivuli. Orodha ibandikwe ofisi ya kata. Fomu tumeshaiandaa na tutaitoa bure.

(c) Usanifu wa kila jengo utumie jua la mwezi mbaya wa mahali hapo na baridi ya chini ya mahali hapo, na uambatanishwe kwenye zabuni. Mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla ya kipimo cha usiku.

(d) Kila kundi la zahanati zilizo jirani lipate mkataba wa fundi mmoja anayepita kila miezi mitatu, iwe kuna tatizo au hakuna. Anakaza teminali, anafuta kutu, anapaka vaselini, anapima kila betri peke yake, anaandika kwenye daftari linalobaki kituoni.

(e) Mhudumu mmoja kwa kila kituo afundishwe kazi ya mwezi: kuosha paneli asubuhi mapema kabla hazijapata moto, na kwa betri za maji kuongeza maji ya betri hadi sentimita moja juu ya sahani. Asiongeze asidi, wala maji ya bomba au ya kisima. Mafunzo hayo tutayatoa bila malipo.

(f) Mfumo wa friji ya chanjo ufungwe kwa kufuli na usiungwe kitu kingine, na nyumba za watumishi zipewe sola yake.

(g) Betri iliyokufa iandikwe kwenye rejesta ya mali na irudishwe kwa muuzaji wakati wa kununua mpya, ikipunguza bei, au ichukuliwe na mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi.

Shuleni mambo ni yaleyale, ila hatari ni ndogo kuliko wodi ya wazazi. Zifuate baada ya zahanati.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii ichapishwe, na tunaomba isomwe katika kikao kijacho cha Baraza la Madiwani ambako wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria. Tutakuwepo, na malitimita tutakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa umeme wa jua,
Nyanda za Juu Kusini.

Nakala:
Watendaji wa kata na vijiji,
Kamati za usimamizi wa zahanati,
Mbao za matangazo.